Asiyejua Maana Haambiwi Maana: Neno "Chai" Katika Rufaa za Polisi

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii tumezoea kuifafanua darasani kuwa kijembe kwa mtu mzito wa kuelewa, kisha tukasonga mbele hadi methali inayofuata. Hata hivyo, pana mahali pamoja ambapo methali hii haina nafasi, napo ni mahakamani. Jaji anayesikiliza rufaa ya afisa wa polisi aliyetiwa hatiani kwa ufisadi ni lazima aambiwe maana, tena aambiwe kwa ushahidi, hata kama yeye mwenyewe, karani wake, mawakili na watu wote waliokaa kwenye mabenchi ya umma wanaijua maana hiyo fika. Hoja ya makala haya ni nyepesi kuieleza: katika kesi za aina hii, neno la Kiswahili aghalabu ndilo uti wa mgongo wa ushahidi, na sisi wanakiswahili tumeliacha lipande ngazi za mahakama peke yake, likiwa limevikwa vazi la Kiingereza lisilolitosha.

Nimeteua Voi na Kaunti ya Taita Taveta si kwa sababu polisi wa huko ni wabaya kuliko wenzao wa kwingineko, bali kwa sababu mji huo ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi inaupitia, na kutoka hapo hapo huchepuka barabara ya kwenda Mwatate na Taveta, hadi mpaka wa Holili upande wa Tanzania. Malori, matatu na wafanyabiashara wa mpakani hupita huko usiku na mchana. Penye njia pana vizuizi vya polisi, na penye vizuizi pana mazungumzo. Afisa aliyehamishwa kutoka Siaya au Kericho, dereva wa kutoka Machakos, mwenye duka Mdawida na mchuuzi Mtaveta hawana lugha ya pamoja isipokuwa Kiswahili. Kwa hivyo, ikiwa hongo itaombwa hapo, itaombwa kwa Kiswahili. Na ikiwa afisa atasingiziwa, atasingiziwa kwa Kiswahili vilevile.

Neno "hongo" lenyewe lina historia katika nchi hii ya njia. Katika karne ya 19, misafara ya biashara iliyotoka pwani kwenda bara ililipa hongo kwa watawala wa sehemu ilizopitia, na Taveta ilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya misafara iliyotoka Mombasa kuelekea Kilimanjaro na kwingineko. Wakati huo hongo ilikuwa ada ya njia, iliyotolewa hadharani na kujadiliwa mchana kweupe. Leo neno lilo hilo ni jina la kosa la jinai, na limo katika vinywa vya watu kwa maana moja tu. Mwanafunzi wa semantiki angesema maana imefifishwa hadhi. Raia wa kawaida angesema kuwa ada ya njia haikuondoka, ila imeondokewa na uhalali. Yeyote atakayeichukua kauli hii ataona mara moja kwamba suala la ufisadi barabarani ni suala la lugha tangu mwanzo wake.

Hebu tutazame jinsi kesi yenyewe inavyosukwa. Mlalamishi hufika katika Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ambayo mwaka 2011 ilichukua nafasi ya tume iliyoundwa mwaka 2003. Hupewa kinasa sauti, akarudi kuzungumza na afisa anayemlalamikia. Iwapo mazungumzo yataonyesha dalili ya kudaiwa hongo, noti hutayarishwa: nambari zake hunakiliwa, nazo hupakwa unga wa kemikali uitwao APQ. Afisa akizipokea hukamatwa, viganja vyake hupanguswa kwa pamba, na pamba hiyo hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali. Baada ya hapo, sauti iliyonaswa huandikwa kwenye karatasi, hutafsiriwa kwa Kiingereza, na kuwasilishwa mbele ya hakimu maalumu.

Akipatikana na hatia, afisa huyo ana siku 14 za kukata rufaa. Rufaa kutoka mahakama za mahakimu za Voi, Wundanyi na Taveta huenda kwenye Mahakama Kuu iliyoko Voi. Kabla mahakama hiyo haijaanzishwa, zilipelekwa Mombasa. Jaji wa rufaa ya kwanza hasikilizi mashahidi upya. Hata hivyo, tangu uamuzi wa kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1972, ana wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake mwenyewe, huku akikumbuka kwamba hakuwaona wala kuwasikia mashahidi hao. Kwa maneno mengine, jaji ni msomaji. Anasoma matini. Je, anasoma matini gani?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu cha 198, inataja Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu, na Kiingereza au Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za chini. Aghalabu shahidi husema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza, papo kwa papo. Nakala ya mwenendo wa kesi inayomfikia jaji ni tafsiri tayari, hata kabla hatujafika kwenye maandishi ya kinasa sauti, ambayo nayo ni tafsiri. Jaji anayetakiwa na sheria kuupima ushahidi upya anapima kivuli cha ushahidi.

Tuchukue mfano, ambao ni wa kubuni lakini hautamshangaza yeyote aliyewahi kusafiri kwa matatu. Afisa anasema: "Sasa mzee, tutafanyaje? Mambo ya karatasi ni mengi." Dereva anajibu: "Niko na elfu moja tu, afande." Afisa anaongeza: "Hiyo ni ya chai. Sisi tuko watatu. Ongea vizuri." Hakuna mahali ambapo afisa ametamka neno hongo au rushwa. Hakuna hata mahali alipoomba pesa waziwazi. "Tutafanyaje" ni swali kwa umbo, lakini ni dai kwa nia. "Mambo ya karatasi ni mengi" ni taarifa kwa umbo, lakini ni tishio kwa nia. "Hiyo ni ya chai" haimaanishi kuwa kuna mtu mwenye kiu. Ni kusema kwamba kiasi hicho ni kidogo. "Ongea vizuri" si wito wa kuwa na adabu, bali ni agizo la kupandisha bei. Sasa yatafsiri maneno hayo kwa Kiingereza neno kwa neno: utapata mzee anayeulizwa swali la kirafiki, anayeelezwa habari za makaratasi, anayetajiwa kinywaji, na mwishowe anayehimizwa kuzungumza kwa ustaarabu. Wakili hodari hahitaji zaidi ya hapo ili kumwonyesha jaji kuwa upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba pesa ziliombwa.

Tugeuze upande wa pili wa shilingi, kwa kuwa haki ina pande mbili. Afisa aliye zamu katika kituo cha polisi anamwambia ndugu ya mshukiwa: "Leta ile kitu ya dhamana, atoke." Dhamana ya pesa taslimu ni jambo halali, mradi stakabadhi itolewe. Endapo anayeyaandika na kuyatafsiri mazungumzo hayo ni mpelelezi yule yule aliyetega mtego, ni kishawishi kikubwa kiasi gani kwake kuliona neno "kitu", alikumbuke "kitu kidogo", na kuandika neno la Kiingereza lenye maana ya hongo? Sisemi kwamba wapelelezi hufanya hivyo kwa hila. Nasema kwamba mfasiri yeyote huifasiri matini kwa kuongozwa na anachokitarajia, na hakuna mwanafunzi wa nadharia ya tafsiri asiyelijua hilo.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi tukikumbuka kifungu cha 58 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka 2003. Kwa mujibu wake, mshtakiwa akithibitishwa kuwa alitenda kitendo kinachodaiwa, huchukuliwa kwamba alikitenda kifisadi mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa hivyo, kitendo cha kupokea kikishathibitika, mzigo wa kueleza humwangukia mpokeaji. Ataeleza kwa nini? Kwa maneno. Atasema ilikuwa dhamana, au deni, au mchango wa harambee. Na maneno yaliyonaswa ndiyo yatakayomuumbua au kumwokoa. Adhabu nayo si ya mchezo: chini ya sheria hiyo ya 2003, kifungo kinaweza kufika miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili, hata kama pesa zenyewe ni shilingi elfu moja. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 iliipandisha faini hadi shilingi milioni 5. Aliyetiwa hatiani huzuiwa pia kushika wadhifa wa umma kwa miaka 10. Hayo yote yanaweza kuning'inia kwenye "ongea vizuri".

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba unga wa APQ hauna lugha: viganja vikipatikana na kemikali, mambo yamekwisha. La hasha. Unga unathibitisha kuwa mkono uligusa noti. Hauthibitishi noti zilitolewa kwa ajili gani. Ndiyo maana utetezi unaosikika mara nyingi si kwamba mrufani hakuzigusa pesa, bali kwamba alizigusa kwa sababu nyingine. Kemia hukomea kwenye ngozi. Nia hutafutwa kwenye usemi.

Pingamizi la pili ni kwamba rufaa nyingi hazifaulu wala kushindwa kwa sababu ya maana ya maneno, bali kwa mambo ya kisheria: hati ya mashtaka yenye kasoro, shahidi muhimu asiyeitwa, au kukosekana kwa cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kwa ushahidi wa kielektroniki. Hili ni kweli, wala silipingi. Lakini tuangalie cheti hicho kinahakikisha nini. Kinahakikisha kwamba sauti imetolewa kwenye chombo kwa njia inayokubalika. Sheria ikijali hivi uaminifu wa chombo, je, uaminifu wa tafsiri utaachiwa bahati? Tunacho cheti cha mashine. Cha mfasiri hakiulizwi kwa makini kama hayo.

Pingamizi la tatu ndilo lenye nguvu zaidi, nalo hutoka kwa raia aliyechoka. Kwake, kumtetea polisi aliyefungwa kwa hongo kwa kutumia isimu ni kuipaka uozo marashi. Kila Mkenya anajua "chai" ni nini. Tangu Eric Wainaina alipotoa wimbo wake "Nchi ya Kitu Kidogo" mwaka 2001, hata mtoto anajua. Hasira hii naielewa. Ila nauliza: ikiwa kila mtu anajua, mbona wengine huachiliwa kwa hoja kwamba haikuthibitishwa? Kujua kwa mtaani si kujua kwa mahakamani. Hakimu hawezi kumfunga mtu kwa "kila mtu anajua", na tungekuwa wa kwanza kulalamika iwapo angemfunga ndugu yetu hivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, imempa kila aliyetiwa hatiani haki ya kukata rufaa, na haikumbagua mwenye sare. Rufaa si mwanya wa mhalifu. Ni mahali ambapo hukumu hupimwa kama ina miguu ya kusimamia. Anayetaka wala hongo wafungwe na wasitoke anapaswa kutaka ushahidi wa maneno uwe imara kiasi kwamba jaji wa rufaa akiupima upya, ausimamishe.

Mahakama zetu zimewahi kuonyesha kuwa zinajali lugha. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, iliwekwa wazi kwamba shtaka lielezwe mshtakiwa kwa lugha anayoielewa kabla hajakiri au kukana. Katiba nayo inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kuwa na mkalimani bila malipo. Hizi ni hatua za kupongezwa. Lakini zote zinalinda mwelekeo mmoja, yaani lugha ya mahakama inavyomfikia mshtakiwa. Mwelekeo wa pili, yaani lugha ya mshtakiwa na mlalamishi inavyoifikia mahakama, haujapewa ulinzi unaolingana na huo.

Ng'ambo ya mpaka wa Taveta hali imeanza kubadilika. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa nafasi ya Kiingereza haikufungwa kabisa. Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka 2006, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilibatilisha vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoruhusu "takrima". Neno hilo, ambalo katika utamaduni wetu ni ukarimu kwa mgeni, lilikuwa limeingizwa sheriani kama ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapigakura. Majaji walilazimika kutazama ukarimu unakomea wapi na hongo inaanzia wapi. Nauliza kwa dhati: swali hilo lingejadiliwa vipi ikiwa neno "takrima" lingekuwa limekwishageuzwa kuwa neno moja la Kiingereza kabla ya kufika mezani?

Sisi, wasomi na walimu wa Kiswahili, tuko wapi katika haya? Tunawafunza wanafunzi kutambua tasfida, kinaya, jazanda na mafumbo. Tunatahini kwa maswali ya kueleza maana ya ndani ya kauli ya mhusika. Tunajua kuwa umbo la sentensi si lazima liwe nia ya msemaji. Maarifa hayo tunayatumia kwa wahusika wa tamthilia, ambao hakuna hata mmoja wao atakayelala gerezani usiku wa leo. Ilhali kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu maoni ya mtaalamu pale mahakama inapohitaji ujuzi maalumu. Daktari huitwa, mchunguzi wa hati huitwa, mkemia huitwa. Mwanaisimu wa Kiswahili haitwi, na sababu mojawapo ni kwamba hajabisha hodi.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, maandishi ya kinasa sauti yawekwe katika Kiswahili chake halisi, pamoja na mchanganyiko wake wote wa Sheng na lahaja, sambamba na tafsiri, mstari kwa mstari, na yote mawili yaingie katika nakala ya rufaa. Pili, mwandishi na mfasiri wa mazungumzo hayo asiwe mpelelezi wa kesi. Tatu, kauli inapokuwa na utata, upande wa mashtaka umuulize shahidi waziwazi alivyoielewa na kwa nini, na inapobidi umwite mtaalamu. Hali kadhalika utetezi uwe na fursa hiyo hiyo. Hili lifanywe mapema mbele ya hakimu, kwani ingawa sheria inaruhusu ushahidi wa ziada kupokewa katika rufaa, ni heri kujenga ukuta kuliko kuziba ufa. Nne, maadamu kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, Bunge lirekebishe kifungu cha 198 ili Mahakama Kuu nayo iweze kusikiliza na kuandika kwa Kiswahili.

Mapendekezo haya hayatatimizwa na mawakili peke yao. Idara zetu zinapaswa kuanzisha kozi ya isimu ya mahakama, na wanafunzi wa uzamili wanaohangaika kutafuta mada waache kuirudia riwaya ile ile iliyochambuliwa mara 20. Kusanyeni msamiati wa hongo: chai, kitu kidogo, mlungula, chauchau, kadhongo, na mkivuka Holili, "kuzunguka mbuyu". Andikeni ni nani huyatumia, kwa nani, katika muktadha upi, na ni lini neno husema zaidi ya linavyoonekana. Hukumu za Mahakama Kuu huchapishwa na Kenya Law na kusomwa bila malipo. Kesi nazo husikilizwa hadharani: milango ya mahakama za Voi, Wundanyi na Taveta iko wazi kwa yeyote mwenye daftari na subira. Jaji hatatutafuta. Kazi ni yetu, na inaanzia kwenye benchi la umma.